Makosa ya Padri

Jumamosi nilialikwa harusi Gatina, mtaa jirani na Riruta. Baada ya chakula, padri wetu, mzee kutoka Ireland, alitoa kinanda kidogo cha kuvuta na kusukuma, chenye vifungo ubavuni, akapiga nyimbo za kwao. Kina mama wa Riruta waliacha sahani wakaingia uwanjani.

Mwalimu wa kwaya, aliyeketi karibu nami, alimwonea huruma.

"Vidole vinamtetemeka," akaninong'oneza. "Uzee huo."

Wimbo ulipokwisha alimwendea kwa heshima. "Father, kuna makosa yanaingia katikati. Hebu piga zile noti zenyewe tu."

Padri hakubisha. Alipiga wimbo uleule, kila noti mara moja, bila nyongeza yoyote. Ulikuwa sahihi kabisa. Kina mama walizunguka kidogo, wakapunguza mwendo, wakasimama. Mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Mamake bwana harusi akashika kiuno. "Father, kwani umechoka? Tupigie ile ya makosa!"

Padri alicheka mpaka miwani ikateleza, akaanza upya. Vumbi likapanda.

Safari hii mwalimu alisimama karibu akatazama. Kabla ya kutua kwenye noti yake, kidole cha padri kiligusa kifungo cha pembeni, kwa wepesi, kikarudi.

"Kumbe anakusudia," akasema, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Jana nilipita kanisani wakati wa mazoezi. Padri alikuwa ameketishwa mbele na kinanda chake, na kwaya nzima ilikuwa ikifundishwa kukosea. Sisi wengine tumejifunza wenyewe.