Sifuri Aliyekataa Kuchuchumaa

Ninyi vijana mnaolia kwamba sayansi ni ngumu, panguseni machozi mnisikilize. Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini maabara nimeishi ndani yake mpaka nikastaafu.

Siku ya kwanza nilitoka kwenye vibarua vya viwandani Industrial Area nikaja kusafisha maabara ya shule moja ya upili karibu na mtaa wa Jericho. Fundi wa maabara alinipokea kwa amri: "Mama, vyombo vya kioo unaosha, unasuuza, unapindua vikauke. Mizani usiipumulie hata!" Kweli, ukiipita na upepo wa leso tu, namba zinaanza kucheza.

Baadaye akaja Mwalimu wa Fizikia, kijana mwembamba mwenye sauti ya mnadani. Huyo ndiye aliyeleta mchezo wa tarakimu za maana, yaani zile ambazo kipimo kimezipata kweli, si za kujaza nafasi. Kila mwanafunzi anavaa kadi ya tarakimu moja kifuani, mmoja anashika kifuniko cha chupa kuwa nukta. Mwalimu akitaja kipimo, wanajipanga mstari. Sifuri za mbele zinachuchumaa. Waliosimama ndio wanaohesabiwa. Timu ikikosea inanioshea vyombo, na bika, kile kikombe cha kioo cha kupimia, yenye doa niliirudisha kwenye sinki bila huruma.

Mwende wa Kidato cha Pili alipewa kadi ya sifuri kila mara. Fizikia alikuwa akiifeli, na Mwalimu Mkuu alishasema atamwondoa kwenye somo hilo. Mtoto alitaka kuwa fundi wa umeme kama mamake. Akaja kulia kwenye sinki yangu.

"Lia," nikamwambia, "lakini suuza."

Asubuhi moja makelele yakamleta Mwalimu Mkuu mwenyewe. "Hii ni maabara ama ni soko?"

"Tunapima, Madam," Mwalimu akajibu.

"Basi pimeni nikiona. Mizani imesoma sifuri nukta sifuri tano sifuri."

Mstari ukapangwa. Sifuri mbili za mbele zikachuchumaa. Mwende, sifuri ya mwisho, akabaki wima kama mlingoti.

"Wee Mwende, chini! Unatuchomea timu!" wavulana wa timu yake wakafoka.

"Sichuchumai! Chuchumaeni ninyi!"

Mwalimu Mkuu akamsogelea. "Sifuri wenzako wako chini. Wewe una nini?"

"Wale wanashika nafasi tu, Madam. Mimi nimepimwa. Mizani ilifika hapa kwangu, ikaangalia, ikakuta hakuna kitu. Hiyo nayo ni habari. Tarakimu za maana ni mbili: tano na mimi."

Mwalimu Mkuu, mama asiyecheka hata siku ya kufunga shule, akacheka. "Huyu abaki Fizikia. Na hao wa kufoka, sinki iko wapi?"

"Iko hapa, Madam," nikasema, nikikunja mikono ya koti.

Sasa nimestaafu, miguu inauma, lakini hili nalijua: watoto wengi hawachukii somo, wanachukia kuaibishwa wakiwa wamekaa. Wainue wacheze, utashangaa.

Juzi mjukuu wangu alitangaza mezani kwamba anaacha Fizikia. Babake, mwanangu wa kumzaa, akaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikaweka kikombe chini.

"Hakuna anayeacha kitu nyumba hii kabla hajakicheza. Sukumeni makochi ukutani. Nawe, mwanangu, kata kadi."