Ijumaa Niliyoiandika Jumapili

Siku ya mazishi ya mume wangu, mwalimu mwenzake alisimama akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti iliyotufikia hata sisi akina mama tuliokaa mbali kwenye mikeka. Alipofika kwenye mambo ya kazi akasema kwamba marehemu alihitimu mafunzo ya uzamili ya ualimu wa uraia na maadili "kwa mafanikio makubwa". Nikainamisha kichwa. Watu walidhani nalia. Kwa kweli nilikuwa nazuia kicheko, maana mafanikio hayo nayajua, na aliyeyachelewesha ni mimi.

Sikusema kitu siku ile. Msibani si mahali pa kusahihisha. Lakini miezi imepita, nyumba imetulia, na sipendi mtu niliyeishi naye miaka mingi akumbukwe kwa jambo ambalo halikuwa hivyo. Alikuwa mzuri vya kutosha bila kuongezewa.

Tulikutana Korogwe. Yeye alikuwa Msambaa wa Vugiri, mwenye shahada ya utawala, akifanya kazi katika ofisi ya shirika la umma la mkonge. Mimi ni Mzigua wa Handeni, nimeishia darasa la saba, na wakati huo nilikuwa nashona nguo kwa shangazi yangu karibu na soko. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa vitu, mitumba ikanichukulia wateja, kisha mashirika yakaanza kuuzwa na yeye akapunguzwa kazi. Tukahamia Handeni, kwenye nyumba aliyoniachia baba. Mtu wa milimani, aliyezoea ukungu na maji ya mfereji, akajikuta yuko kwenye foleni ya maji na madumu mawili. Alilalamika kila siku, ila foleni alipanga.

Vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi, na shuleni somo la siasa likageuzwa kuwa uraia. Walimu wa somo hilo jipya wakahitajika. Yakaanzishwa mafunzo ya mwaka mmoja kwa watu wenye shahada ambao hawakusomea ualimu: masomo Korogwe, halafu mazoezi ya kufundisha katika shule ya sekondari. Ukianguka kwenye mazoezi hupati cheti, na bila cheti hupangiwi shule. Mume wangu alikuwa anakaribia miaka arobaini. Aliniambia, "Nikikosa na hapa, nimebakiwa na foleni ya maji tu." Alisema kwa mzaha, lakini wiki ile alisema mara tatu, na mzaha wa kweli mtu hausemi mara tatu.

Mazoezi alipangiwa shule ya hapohapo Handeni. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa mazoezi ni kuandika andalio la somo, yaani karatasi yenye visanduku inayoonyesha atafundisha nini, hatua kwa hatua. Chini kabisa pana mistari miwili ya maoni, ambayo mwalimu huijaza akishatoka darasani, aeleze somo limekwendaje. Mimi hilo la mwisho sikulijua. Nilichojua ni kwamba mwandiko wa mume wangu ulikuwa balaa. Barua zake za uchumba nilisomewa na shangazi, naye shangazi alikuwa anabahatisha. Mimi mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndicho kitu pekee nilichosifiwa shuleni.

Basi Jumapili moja akaniletea faili la mwenzake aliyekwishamaliza mazoezi. Alikuwa ameweka alama za penseli mahali pa kubadilisha.

"Ninakilie hizi tano, za Jumatatu mpaka Ijumaa," akasema. "Mkaguzi anapenda usafi."

"Ninakili mpaka wapi?"

"Mpaka chini."

Nikanakili mpaka chini. Maandalio yalikuwa ya Kiingereza, maana sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kusalimia. Nilikuwa nachora herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayedarizi kitambaa. Kila karatasi chini kulikuwa na sentensi ileile. Kufika ya tano nilikuwa naiandika bila hata kuangalia, nikijiona hodari.

Jioni akayapitia. Alipofika chini ya karatasi ya kwanza akasimama, akafunua ya pili, ya tatu, akaanza kucheka.

"Mama we! Umeniandikia mpaka mambo ya mbele."

"Nimekosea?"

"Umeandika kwamba somo limeeleweka vizuri na wanafunzi wote wameshiriki. Mara tano. Mpaka Ijumaa."

"Nifute?"

"Ni wino huo, utachafua. Acha tu. Wenzangu wote wanajaza mapema." Akafunga faili.

Kwa hiyo aliyaona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Jumatatu mkaguzi akaja na basi la asubuhi kutoka Korogwe. Alikuwa mama wa makamo, mkufunzi wa siku nyingi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akakaa dawati la nyuma. Somo la siku hiyo lilikuwa uaminifu. Sikulichagua mimi, lilikuwa kwenye muhtasari. Mume wangu alinisimulia aliporudi, amekaa kwenye kigoda, viatu hajavua.

"Nafundisha, mambo yananiendea, nasikia karatasi zinafunuliwa nyuma. Kipindi kimekwisha, ananiuliza, 'Mwalimu, leo siku gani?' Nikasema Jumatatu, mama. Akasema, 'Basi hongera. Ijumaa wanafunzi wako wameelewa vizuri sana.'"

Nikashika mdomo.

"Subiri. Akanionyesha dawati tupu. 'Na huyu ambaye leo hayupo, naye Ijumaa ameshiriki? Amepona?' Darasa zima likaangua kicheko. Halafu akatazama ubao, akatazama faili. 'Mwandiko wa ubaoni umeandikwa na kuku. Wa faili umeandikwa na nani?' Nikasema na mke wangu. Akasema, 'Jumatano nitarudi. Mwambie aje.'"

"Mimi? Kufanya nini?"

"Sijui. Vaa vizuri."

Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza.

Jumatano nikavaa gauni nililolishona mwenyewe, nikaenda. Mkaguzi alikuwa amepewa meza kwenye stoo ya vitabu, chumba kinachonuka chaki na panya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Hebu niandikie jina la wilaya hii hapa."

Nikaandika. Akalinganisha na faili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwandiko mzuri. Umesoma mpaka wapi?"

"La saba, mama."

"Na hapa chini umeandika nini?"

"Sijui, mama. Kwa kweli nimechora tu."

Akanitazama. "Umeandika mara tano kwamba somo limeeleweka, na wewe mwenyewe hukuelewa?"

"Hata neno moja."

Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa kwa ncha ya kitenge. Nami nikacheka, nikadhani mambo yamekwisha. Kisha akaivaa tena, akachukua kalamu.

"Mumeo aliyaona maneno haya kabla hajaniletea faili?"

Ningependa kuandika kwamba nilijibu palepale. Nilisita. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, na hata mtu wa la saba anajua kwamba kalamu ikishikwa namna hiyo, jibu lina uzito. Niliona foleni ya maji. Nilimwona mume wangu na madumu yake mawili. Nikatafuta neno la katikati, lisilo ndiyo wala hapana, sikulipata.

"Aliyaona, mama. Jumapili jioni. Alicheka."

Akaandika. Akatoka mlangoni akamwita mwalimu mmoja aniitie mume wangu. Mume wangu akaja na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alipotuona wawili, akapoa.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "Jumatatu nilikuuliza kama uliyaona maneno haya. Ulinijibu nini?"

Mume wangu akapangusa chaki kwenye nyusi.

"Ulinijibu hukuyaona. Ulisema mkeo alinakili, wewe hukuwa na muda wa kupitia. Sasa mkeo anasema uliyaona na ukacheka. Nani kati yenu anafundisha maadili?"

Hapo ndipo nilipojua. Nilitaka kuingia chini ya meza pamoja na panya. Mume wangu akanyoosha kidole kwangu.

"Huyu, mama."

Mkaguzi akakaza mdomo. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, lakini alikizuia kweli. Akasema hataandika udanganyifu, ingawa angeweza, na hapo kila kitu kingekuwa kimekwisha. Ataandika kwamba mwalimu huyu hakukamilisha mazoezi. Muhula ujao arudie yote kuanzia mwanzo, shule nyingine, na andalio aandike kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwandiko wangu hausomeki, mama," akasema.

"Nitajitahidi," mkaguzi akajibu.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Alinikasirikia siku mbili, na hasira yake haikuwa ya kelele. Alihamia kuzungumza na paka. "Paka, mwambie mwenye nyumba chai haina sukari." Nami nikamjibu paka, "Mwambie sukari ipo kwenye kopo, na mikono anayo." Jumamosi paka akaenda zake kwa majirani, mume wangu akakaa na kikombe chake hana wa kumtuma. Hatimaye akasema:

"Ungemwambia hukumbuki."

"Lakini nakumbuka."

"Ndiyo tabu yako."

"Na wewe hukuniambia kwamba umeshamdanganya."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Nikafikiri. "Ningemwambia vilevile. Ila ningekuja nimejiandaa."

Akacheka, akanisogezea kikombe. Sukari niliweka mimi.

Muhula uliofuata alipangiwa shule changa upande wa Sindeni, madarasa mawili tu na ofisi. Alikaa huko wiki nzima, akawa anarudi Jumamosi kwa baiskeli, mwekundu kwa vumbi. Jambo la kwanza, kabla ya kuoga, alikuwa ananisomea maoni aliyojaza kila siku baada ya kipindi, akiyatafsiri kwa Kiswahili. Nilikuwa nayasubiri.

"Somo halikueleweka. Mwalimu mwenyewe alilishika kufikia dakika ya thelathini."

"Umeandika hivyo kweli?"

"Kwa wino. Sikiliza. Wanafunzi wawili wamelala. Mmoja alikuwa mbele kabisa."

Siku moja alifundisha haki za raia, na haki mojawapo ni ya mtu kwenda atakako ndani ya nchi yake. Kijana mmoja wa wafugaji akasimama kwa adabu akauliza kama haki hiyo mtu anaitumia peke yake au pamoja na ng'ombe wake. Watoto wa wakulima wakapiga kelele kwamba ng'ombe si raia. Kijana akasema ng'ombe wao wanakatwa kodi, wanakatwaje kodi kama si raia? Darasa likawa soko. Maoni ya siku hiyo yalikuwa mafupi: "Wanafunzi wameshiriki wote. Swali limemshinda mwalimu."

"Sasa ukiandika hivi si unajimaliza?" nilimuuliza. Safari hii nilikuwa mimi mwenye hofu. Kwa wiki zote hizo hakuandika hata mara moja kwamba somo lilikwenda vizuri.

"Huenda," akasema. "Lakini nalala usingizi."

Mkaguzi alikwenda Sindeni mara mbili bila kutoa taarifa. Mume wangu alisema alikuwa anakaa na lile faili muda mrefu, analisogeza karibu na dirisha, analigeuza hivi na hivi kwa ajili ya ule mwandiko, na mabega yanatikisika. Alama hakumtajia.

Matokeo yalibandikwa Korogwe, kwenye ubao wa nje ya ofisi ya chuo. Tulikwenda wote wawili. Tulibadili basi Segera, tukanunua machungwa, hakuna aliyekula. Tulipofika, wenzake walikuwa wamejaa ubaoni, wengine wanashangilia, mmoja amekaa chini. Wote walikuwa vijana kuliko yeye. Mume wangu akasimama nje ya geti.

"Nenda wewe," akasema.

"Mimi nikasome Kiingereza?"

"Jina langu si Kiingereza."

Nikapenya. Majina yalipangwa kwa daraja, wa juu kwanza. Nikaanza juu, nikashuka kwa kidole. Nikapita la kwanza, nikapita la pili, watu wananisukuma. Nikaingia la tatu, nikateremka, nikateremka. Moyo ulikuwa umeanza kunikatika nilipoliona. Nikalisoma mara mbili herufi kwa herufi. Chini kulikuwa na mstari, na chini ya mstari hakuna tena majina ya waliofaulu.

Nikatoka. Alikuwa anachunguza uso wangu tangu mbali.

"Sema."

"Umefaulu."

"Daraja?"

"La mwisho."

"La mwisho kabisa?"

"Chini yako hakuna mtu. Kuna sahihi ya mkuu wa chuo."

Akaegemea nguzo ya geti akacheka, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Mwenzake mmoja aliyekuwa anapita akamwambia, "Kaka, nenda kahakikishe mwenyewe, huko kumesongamana, watu wanasoma vibaya."

Mume wangu akachukua chungwa kwenye mfuko wangu akaanza kulimenya.

"Nikahakikishe nini?" akamjibu. "Ameshaona huyu."

Tukala machungwa yote palepale getini.