Doa Chini ya Kucha Yangu

Afadhali niliseme jambo hili mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni Mbugangari. Mimi ni muuguzi wa ngozi hapa Gisenyi. Juzi alikuja Mama Furaha, anayevuka mpaka wa Grande Barrière kila siku kuuza vitunguu Goma. Ana soriasisi, ule ugonjwa wa magamba kwenye ngozi. Nilimpaka jeli kwenye kucha, nikaweka lenzi yenye taa, nikaona vishimo na madoa ambayo macho matupu hayaoni.

"Wifi yangu hataki tena kula na mi ku sahani moja," alisema.

"Ugonjwa huu hauambukizi, mama. Hata kidogo." Nikamshika mikono yote miwili, naye akalia.

Alipotoka, nikajaribu lenzi kwenye kidole gumba changu. Mana yanjye, Mungu wangu! Madoa ya kahawia yalikuwa yametambaa chini ya kucha. Nina cheti, lakini hofu haisomi vyeti. Nilikimbilia bomba, nikasugua kwa brashi na klorini mpaka damu ikatoka, huku nikiwawazia wanangu na sahani zetu nyumbani.

Dokta aliingia, akanikuta bado nasugua. Akaitazama kucha kwa lenzi.

"Leo umemenya ndizi mbichi?"

"Ndiyo, dokta. Asubuhi."

"Basi huo ni utomvu wa ndizi."

Nikacheka kwa nguvu, nikageuka. Mama Furaha alikuwa mlangoni. Alirudi kuchukua kitenge alichosahau, na alikuwa ameona yote.

"Muganga," aliniuliza polepole, "ulisema haiambukizi. Sasa we ulikuwa unanawa nini?"