Ishirini na Mbili ya Polepole

Siku yangu ya kwanza katika uwanja wa shabaha kule Randburg, mwaka 2015, nilikabidhiwa ufagio, ndoo mbili na vifunika masikio vilivyolegea mkanda. Nilikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, nimetoka kulinda mlango wa ghorofa moja ya Hillbrow, na nilidhani nimeajiriwa kulinda tena. Kumbe kazi ilikuwa kuokota maganda. Ganda ni kile kikopo cha shaba kinachobaki risasi ikishapigwa. Ndani yake hukaa baruti, mbele hukaa kichwa kinachoruka, nyuma hukaa fataki ya kuwasha baruti. Wateja walikuja Jumamosi kutoboa karatasi kwa starehe, wengine na familia zao, wakanunua soda na kwenda zao. Mimi nilibaki nikifagia.

Ninyi vijana mliozaliwa hapa mtaniuliza mtu wa Uvira alitafuta nini mahali pa bunduki. Nilitafuta mkate. Habari za vita sitazieleza, wazazi wenu wamekwisha kuwachosha nazo. Nasema tu kwamba bunduki kubwa ikilia karibu nami, macho yalijifumba na mabega yalipanda kabla sijaamua lolote. Mwokota maganda huinama kutwa nzima, kwa hiyo hakuna aliyeniona, nami nikashukuru kimyakimya.

Mwaka wa pili Meneja alinihamishia kaunta, kwenye rafu ya risasi. Hapo ndipo niliposoma kazi hasa. Aliyenisomesha alikuwa Mkuu wa Mstari, yaani msimamizi wa pale wapigaji wanapolala au kukaa na bunduki zao. Alikuwa Mzulu mrefu, polisi mstaafu, mtu wa maneno machache. Aliniita madala, yaani mzee, kwa kuwa mvi zangu zilikuwa nyingi kuliko zake. Tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga, na kila somo alilimaliza kwa kunitaka nimrudishie kwa maneno yangu.

Basi nami nawarudishia ninyi. Kwa mpigaji wa starehe rafu ilikuwa na risasi nne za kaliba ndogo. Ya kwanza ni ishirini na mbili ya kawaida, jina linatokana na upana wake, sehemu ishirini na mbili kati ya mia za inchi moja. Fataki yake imefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na ni ya bei nafuu kuliko zote. Ya pili ni magnamu, ndugu yake mrefu mwenye baruti zaidi. Hizo mbili msizichanganye hata siku moja, maana ile fupi inaweza kuingia katika chemba ya magnamu, yaani tundu la bunduki linalopokea risasi, ikapwaya na kupasuka. Ya tatu ni kumi na saba, nyembamba, ina mbio sana, na upepo huipeleka unakotaka wenyewe. Ya nne ni mia mbili ishirini na tatu. Upana wake karibu ni uleule wa ishirini na mbili, ila ganda lake ni kubwa na baruti yake ni ya kutisha. Vijana wanaoshinda kwenye maduka makubwa waliipenda hiyo kwa sababu ya kelele.

Nilipozoea kaunta, Meneja alituita akatangaza mabadiliko. Kuokota maganda kungepewa kampuni ya nje, na kaunta angekaa binti mwenye kujua kompyuta. Nafasi moja tu ilibaki, ya msaidizi wa Mkuu wa Mstari. Aliniambia wazi kwamba nikipita mtihani nitaipata, nisipopita tuagane kwa amani. Kwa umri wangu, nani angenipokea? Niliona unga wangu unamwagika.

Mtihani wa pale ulikuwa na desturi yake. Unakwenda kwenye rafu, unachukua pakiti moja, unaiweka mezani mbele ya Mkuu, na huruhusiwi kubadilisha. Unaeleza kwa nini umeichagua. Kisha Mkuu anakugeuzia mgongo na kujaza mwenyewe magazini, kile kikasha cha risasi, na kati ya risasi nzima anachomeka moja ya bandia isiyo na baruti, hujui ni ya ngapi. Ukifyatua ile bandia hakuna mlipuko wa kukuficha. Kama unashtuka, mtutu unainama chini na kila mtu anauona. Kuna wanaume wenye vifua vipana walioumbuliwa na kile kimlio kidogo cha tik.

Mimi nilikwenda nikaweka mezani mia mbili ishirini na tatu. Niliona haya kuchukua ndogo. Jamaa zangu wa Joubert Park walikuwa wakinitania kwamba nauza risasi za kuulia panya, na nilitaka Meneja aone mwanamume. Risasi ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikasema tik. Mtutu uliinama hadi karibu ugonge mfuko wa mchanga ulioegemeza bunduki.  Mkuu aliichukua bunduki taratibu mikononi mwangu, akasema atanipa nafasi ya pili kabla baridi haijaisha, na hatatoa ya tatu.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Mama Aline, aliyekuwa anasuka nywele za watu sebuleni mwetu. Nilimwambia nitajikaza, nitapiga ile kubwa kila siku mpaka inizoee. Alimaliza kwanza msuko aliokuwa ameushika.

"Baba Aline, weye hauogopi bunduki, unaogopa kelele," alisema. "Sasa juu ya nini unachagua yenye kelele? Chukua yenye mwili yako inaweza."

Nilikasirika, nakiri, kwa kuwa alisema kweli mbele ya mteja. Lakini asubuhi, nikisubiri robot, yaani taa ya barabarani, igeuke kijani nivuke kwenda kwenye teksi, niliamua. Sitabadilisha mwili wangu, umri umekwenda. Nitabadilisha risasi.

Mkuu aliniruhusu kufanya mazoezi saa ya chakula cha mchana. Nilianza na magnamu. Ilikuwa nafuu, lakini macho bado yalifumba. Kumi na saba ilitoa mlio mkali kama kiboko, nikaiacha siku hiyohiyo. Ishirini na mbili ya kawaida ilinipa moyo, isipokuwa pakiti yenye neno la mwendo kasi. Nilimuuliza Mkuu kwa nini. Akaeleza kwamba kichwa kikienda mbio kupita sauti, kinapasua hewa na kuacha mlio wa pili. Kuna aina ya polepole inayobaki chini ya mwendo wa sauti. Wateja waliidharau, ikakaa rafu ya chini na vumbi lake.

Niliipangusa nikaijaribu. Ilisikika kama mtu anayefunga kitabu. Zile za kwanza zilitawanyika kwenye karatasi na nikakata tamaa, lakini Mkuu aliniambia niendelee. Mtutu uliozoea mafuta ya risasi moja hutaka kupigwa kadhaa za risasi mpya kabla haujatulia. Niliendelea. Matundu yakaanza kusogeleana, mwisho yakagusana, na jambo kubwa kwangu halikuwa matundu. Nilikuwa nimeliona kila tundu likitokea, kwa macho yangu, yakiwa wazi.

Siku ya pili ya mtihani kulikuwa na baridi ya kukata midomo. Niliweka mezani ile pakiti ya polepole. Meneja alicheka, akauliza kama nimekuja kuwinda panya. Mkuu hakucheka. Aliniuliza kwa nini nimechagua hiyo.

Nilijibu, "Hapa tunapiga karatasi. Tundu la hii na la ile kubwa yanalingana. Hii nikiipiga, naona inakokwenda. Ile kubwa inaniogofya, na mtu mwenye hofu hafai kusimama nyuma ya watoto wa watu."

Sikuwahi kusema neno hofu mahali pale.  Mkuu alinigeuzia mgongo akajaza magazini. Nilikaa, nikaweka kitako cha bunduki begani, nikapumua, nikabonyeza triga.

Tik. Alikuwa ameiweka bandia ya kwanza kabisa.

Mtutu ulibaki pale ulipokuwa. Nilivuta bolti, lile komeo la bunduki, ile bandia ikadondoka mezani, nikapiga zilizofuata moja baada ya nyingine, zote ndani ya doa jeusi. Mkuu hakwenda hata kutazama karatasi. Aliondoa fulana nyekundu ya wasimamizi kwenye msumari, akanipa. "Jumamosi unasimama na mimi, madala," alisema. Niliingia chooni nikalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Nilisimama mstarini mpaka 2019, mgongo ulipokataa. Nimeona wanaume wakiwapa wake zao bunduki kubwa siku ya kwanza ili wacheke wakirushwa nyuma, na wanawake hao hawakurudi tena. Kila nilipoweza, nilifika kabla yao na ile pakiti ya chini.

Hofu yangu haikupona. Mwaka mpya Hillbrow wanapolipua fataki, mimi na Mama Aline bado tunakaa kwenye korido, mbali na madirisha. Wajukuu hutucheka kwa Kiingereza. Hata hivyo nililea nyumba kwa kazi ya bunduki, mtu ambaye mwili wake ulikuwa umeikataa bunduki. Mkienda uwanjani, mtaulizwa mnataka ipi. Shikeni ile ambayo mkiifyatua mtabaki mnatazama.