Kupima Maji kwa Jua la Dirishani

Mimi nilizaliwa na haraka. Kungoja nilifundishwa na vita, tena kwa nguvu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa kemia hapa Bukavu, vita vya pili, wakati mashine ya maabara yetu, ile ya kupima dawa ndani ya maji kwa kutumia mwanga, ilipobebwa na watu wenye bunduki. Walidhani ni televisheni. Nilicheka, halafu nikakasirika wiki nzima, maana bila vipimo hakuna lisansi, digrii yangu.

Basi nikajitengenezea yangu. Dawa iliyo ndani ya maji hula mwanga. Ikiwa kidogo sana, mwanga ukipita mara moja huoni tofauti. Lakini ukiufungia kati ya vioo viwili vinavyotazamana, unaenda na kurudi ndani ya maji yale yale, na kila safari unaliwa kidogo. Ni kama kupita mbele ya shangazi zangu: mara moja unapona, ukirudi-rudi lazima wakupe kazi. Vioo vilikuwa vya kunyolea ndevu, vya soko la Kadutu. Jicho la kupokea mwanga nililing'oa kwenye kikokotoo cha jua, nikaliunganisha na mita ya fundi wa redio.

Zilibaki nyuzi za kuingizia mwanga. Sebuleni kwetu kulikuwa na taa ya nyuzi za plastiki zinazong'aa nchani, zawadi ya tonton, mjomba wangu, kutoka Ulaya, fahari ya Maman. Niliizunguka taa ile siku tatu. Maman akaleta makasi mwenyewe.

"Kata, mutoto yangu. Courant ya umeme yenyewe haiko, inamulikia nani?"

Siku ya kutetea kazi yangu umeme haukuwako, kama kawaida. Nikaelekeza nyuzi kwenye jua la dirishani. Kwetu mtu hatetei peke yake: ukoo mzima ulifika, wengine kutoka Nyangezi, wamama wote kitenge kimoja. Viti vikaisha.

Juri, maprofesa wa kunipima, wakanipa glasi mbili za maji, yote meupe machoni. Moja ilitiwa tone la dawa ya pamanganeti. Rais wa juri akasema nikikosea, nirudi mwaka ujao. Nikaweka ya kwanza, mshale wa mita ukaanguka.

"Hii ina dawa," nikasema kwa majivuno.

Profesa aliyezitayarisha akatikisa kichwa. Yalikuwa maji matupu ya chemchemi.

Ndipo nikaona kivuli mezani. Waliokosa viti walijazana nje ya dirisha, na mbele yao wote Maman, kichwa chake katikati kabisa ya jua langu. Kumbe kiti chake alimwachia mgeni. Nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo naichukia:

"Maman, utoke apo. Wote mutoke."

Akatoka, akawasukuma wenzake mpaka ng'ambo ya ua. Mshale ukapanda. Rais akatazama dirisha, akacheka, akaniruhusu nipime upya. Glasi ya kwanza, mshale ukatulia. Ya pili, ukashuka polepole. Shangwe zikatikisa mabati.

Nilimkuta Maman kule kule ng'ambo ya ua, kopo la poda mkononi, ile ambayo kwetu humwagiwa aliyefaulu. Alikuwa amesikia kelele tu, hakuona chochote. Nilitaka kuomba msamaha, machozi yakanitangulia. Akanimwagia poda kichwani, akaisambaza kwa viganja.

"Mwanga ilikutosha?" akauliza.