Kelele za Bati

Mjukuu wangu, kila unapogombana na king'amuzi huko Kizwite kwa sababu picha imekatika mvua ikinyesha, naikumbuka siku moja ya ujana wangu. Sikucheki. Mimi niligombana na mvua kabla mama yako hajazaliwa.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Laela. Tulihama wakati nyasi za kuezekea zimekwisha kuungua, kwa hiyo kila mtu aliezeka kwa alichopata. Nyumba ya duka la kijiji ndiyo pekee iliyokuwa na bati, ili sukari na chumvi visilowe. Mimi, kijana muuza duka, nililala humo na redio yangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Alasiri moja nilikuwa nasikiliza mpira. Ikatolewa penalti. Hapo hapo mvua ya kwanza ya msimu ikalishukia bati, nisisikie hata jina la mpigaji. Nikabandika sikio kwenye redio, nikaitukana mvua, kana kwamba dua la kuku humpata mwewe.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa shangazi yangu, amelowa chepechepe, khanga yake ameifunikia kapu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Unagombana na nani, nawe uko peke yako?”

“Na mvua. Bati linapiga kelele, sisikii mpira.”

Akacheka mpaka akashika kiuno. “Pole, mwanangu! Kwangu mvua haina kelele. Inaingia kimya kimya, kama mwenye nyumba.”

Akafunua kapu. Zilikuwa mbegu zake za ulezi. Kwetu Ufipa chumvi utaomba, jembe utaazima, lakini mbegu ya ulezi mama huichagua mwenyewe, suke kwa suke. Vihenge vya kuhifadhia nafaka tuliviacha kijiji cha zamani. Mbegu zile zingelowa, zingeota mle kapuni, na shangazi asingekuwa na cha kupanda.

Akatazama juu. “Sikiliza vizuri. Hayo ni maji yanayofukuzwa.”

Nikazima redio. Nikatoka kwenye mvua, nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaita kina mama walete mbegu zao. Jioni duka halikuwa na pa kuweka mguu, nami nikalala juu ya kaunta. Ugali wa ulezi uliotokana na mbegu zile nimeula. Aliyepiga penalti simjui mpaka leo.

Sikukatazi kukereka, mwanangu. Hata mimi goti likiniuma nalalamika. Lakini kero za siku hizi nyingi zimekaa juu ya neema, kama mvua ile juu ya bati. Kabla hujalalamika, itazame neema iliyo chini yake. Kisha mtafute jirani asiyekuwa nayo, umfungulie mlango.

Mungu akujalie paa lenye kelele, na chini ya kelele hizo akujalie sikio linalosikia hodi.