Pale Mzee Anapokwama

Picha lenyewe ni la Kichina, la ngumi, na nililikuta ndani ya deki niliponunua banda la video kwa jamaa aliyekuwa anahamia Kahama. Banda liko Kibondo, nyuma ya soko, upande wanakouza mihogo mikavu. Mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mkaratusi yasiyojua randa, na tivii ya kichogo ambayo ili iwake lazima uipige kofi la heshima. Mimi ndiye mwenye banda, mkata tiketi, fundi, na mfukuza mbuzi. Shule niliishia kidato cha pili. Mimi na hesabu tulikaa chini tukakubaliana kila mtu ashike njia yake, na nadhani hesabu ndiyo ilifurahi zaidi.

Kisa cha picha kila mtu pale sokoni anakijua. Stelingi ni kijana mwembamba, kauliwa baba yake. Anazunguka milimani kumtafuta muuaji mpaka anamkuta mzee mwenye ndevu nyeupe, mgonjwa, kalala kwenye mkeka, ndiye pekee mwenye siri. Stelingi anapiga magoti. Mzee anakohoa. Yule jamaa anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya picha naye anakohoa, maana kazi yake anaifanya kwa moyo. Kisha mzee anasema, "Mwanangu, aliyemuua baba yako ni..."

Hapo sidii inakwama. Ina mkwaruzo. Mzee anabaki mdomo wazi, uso unakatika vipande vipande kama sakafu ya vigae, sauti inafanya kwa-kwa-kwa-kwa, halafu picha linaruka. Likirudi, stelingi yuko juu ya paa anapigana na kundi zima la watu, na shati lake limelowa chapachapa. Kalowa wapi? Hakuna ajuaye. Mvua hakuna.

Watu waliligombania pengo lile miaka nenda rudi. Kuna bibi anauza dagaa mlangoni kwangu, ambaye kwa utani wetu ananiita mume wangu. Yeye alishikilia kwamba muuaji ni baba mdogo. "Ukisikia mtu kafa na ana ng'ombe," alikuwa anasema, "anza na baba mdogo." Fundi baiskeli wa jirani alisema muuaji ni mzee mwenyewe, ndiyo maana anakohoa akikaribia jina. "Mtu asiye na hatia hakohoi." Kuhusu shati, wengine walisema kavuka mto, wengine jasho. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi alisema kwa sauti ndogo kwamba labda kijana alilia.

Basi kila siku ya gulio tulikuwa tunaliangalia, tunabishana, tunarudi nyumbani. Mpaka jirani mmoja akafungua kibanda mkabala na changu. Tivii bapa, pana kama mlango, na king'amuzi cha kuonyesha mpira wa Ulaya. Watu wangu wakahamia kule kama nzi wamesikia habari za asali. Nikabaki na bibi wa dagaa, na yeye alikuwa anakimbia jua.

Mke wangu si mtu wa makelele. Alikuja akasimama mlangoni, akayaangalia mabenchi matupu, akasema, "Baba watoto, likifika gulio la mwisho wa mwezi na banda halijajaa, mimi naweka kuku humu."

"Kuku tena?"

"Kuku hawataki umeme. Wala hawapigwi kofi ndiyo waamke."

Nilidhani anatania. Jioni nikakuta vyombo vya kunyweshea kuku, vyekundu, vipya, viko chini ya kitanda. Upande wangu.

Ningekuwa na akili ningetulia na kufikiri, maana jibu nilikuwa nalishika mkononi kila asubuhi. Nyumbani tuna chupa ya chai ya maua, ile ambayo kila nyumba kuanzia kwetu mpaka Kasulu inayo, au ilikuwa nayo, au imeiazima. Kizibo chake kilishapotea. Tunaziba na gunzi la mahindi lililofungwa nailoni. Siku moja nikajitia ubwana, nikanunua chupa mpya ya chuma, ya kubonyeza kichwani. Mke wangu akanishukuru vizuri sana, akaiweka kwenye kabati la vioo karibu na zile glasi ambazo hajawahi kunywea mtu, na chai ikaendelea kutoka kwenye gunzi. Walipokuja wakwe ndipo tukaitoa. Baba mkwe akanywa, akachungulia kikombe, akauliza, "Haya majani mmenunua wapi?" Majani yale yale, maji yale yale, mpikaji yule yule. Kilichokosekana ni gunzi.

Na sahani za bati ni hivyo hivyo. Kila mtoto wangu anaijua yake kwa pale ilipobanduka rangi. Ukimwekea yule wa kati sahani mpya isiyo na jeraha, analia kama umemfukuza nyumbani.

Yote hayo nayaona kwa macho yangu, na bado nikapanda basi kwenda Kasulu kutafuta sidii isiyo na mkwaruzo. Nilijiambia hivi: watu wamesubiri miaka kumsikia mzee. Nikiwaletea maneno yake, banda litajaa mpaka mabati yapanuke.

Pale Kasulu kuna mzee wa Kiislamu mwenye duka la sidii, chaji na redio, asili yake Tanga. Kiswahili chake kinakufanya ujione wewe unaongea na tofali mdomoni.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kuuliza?"

"Nina picha linakwama."

"Kila kitu hukwama, mwanangu. Mimi magoti."

Akatafuta, akapuliza vumbi, akaipata. Picha lile lile, mtafsiri yule yule, sidii inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Utaratibu wake ni kwamba ukimwachia mbovu anakupunguzia bei ya nzima, kwa hiyo nikamwachia yangu. Akaitupa kwenye gunia lenye sidii nyingine zilizokufa. Sikuuliza gunia linaenda wapi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na furaha ya namna hiyo haina maswali.

Niliporudi, fundi baiskeli akafunga spika kwenye baiskeli akazunguka soko zima. "Leo mzee atasema. Jina la muuaji hadharani. Leo mzee atasema." Banda likajaa. Hata mwenye kibanda cha mkabala alikuja, kabeba kigoda chake mwenyewe. Mke wangu akasimama nyuma kabisa, kakunja mikono.

Tukafika pale. Stelingi kapiga magoti. Mzee kakohoa. Mtafsiri kakohoa. Bibi wa dagaa akanishika mkono.

"Mwanangu," mzee akasema, "aliyemuua baba yako ni mtu ambaye na mimi simfahamu. Umetoka mbali. Nenda kaoge."

Na stelingi akaenda kuoga. Akaingia mtoni na shati lake, akajisugua kwapa. Maadui wakamkuta huko huko, akakimbilia juu ya paa.

Nje mbuzi alikuwa anakula kitu cha mtu na sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

"Mume wangu," bibi akasema taratibu, "yaani muda wote huu ni kuoga tu?"

Fundi baiskeli alisimama. "Huyu siyo mzee wetu. Huyu umemtoa wapi?"

"Ni yule yule, ndugu yangu, ila sasa hakwami."

"Mzee wetu anajua. Huyu hajui kitu chochote. Turudishie mzee wetu."

"Kwa hiyo hakulia," mwalimu akasema, na akatoka nje kabla ya wengine.

Wakaondoka wananung'unika kama waliotoka kwenye harusi isiyo na wali. Mwenye kibanda cha mkabala akachukua kigoda chake, akanigusa bega, akasema, "Pole sana, jirani," kwa sauti ya msibani kabisa. Hiyo iliniuma kuliko matusi.

Mke wangu akauliza, "Kuku niwalete kesho au keshokutwa?"

"Nipe mpaka gulio."

"Gulio," akasema. "Siku hiyo naja nao kichwani."

Nikarudi Kasulu mbio. Mzee wa duka akacheka mpaka akavua kofia. "Gunia lile? Nimeshaliuza. Wakulima huzitundika shambani, zikimeremeta ndege wanakimbia. Kalichukua mama mmoja wa Makere, shamba lake la mpunga liko bondeni, utaliona tu linavyowaka."

Kweli, lilikuwa linawaka. Nilifika Makere, nikaona bonde zima linanikonyeza. Sidii zimening'inia kwenye kamba kutoka mti mpaka mti, na mama mwenyewe katikati, kashika jembe.

"Mwakeye," nikamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye," akaitika.

"Mama, humu kuna sidii yangu moja."

"Za kwangu zote."

"Ni ile ya picha la Kichina."

"Ndege hawaulizi picha la wapi, baba."

Akaniruhusu nitafute. Nikaingia kwenye tope na suruali yangu ya safari, nikawa nazigeuza moja moja, nazitazama usoni kama mtu anayetafuta ng'ombe wake mnadani. Nikaipata mwisho wa kamba, nikautambua mkwaruzo wangu, na nikiri kwamba niliibusu.

"Hiyo hapana," mama akasema. "Hiyo ndiyo wanaiogopa kuliko zote."

"Nitakupa nyingine. Mpya. Haijakwaruzika hata kidogo."

Nikatoa ile nzima mfukoni, akaipima kwenye jua, akakubali, akaitundika palepale. Nilikuwa bado naosha miguu nilipomwona ndege akija, akatua juu ya kamba, karibu kabisa na ile sidii mpya, akajitengeneza manyoya kama yuko kwenye kioo. Nikaaga haraka kabla mama hajageuka.

Siku ya gulio fundi baiskeli alishatangaza tangu asubuhi: "Mzee karudi." Watu wakajaa, wengine kwa huruma, wengine waje waone nikiaibika. Nikaipiga tivii kofi, nikaingiza sidii. Deki ikaimeza, ikaunguruma, ikaitema. Nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikaitema. Jua la Makere lilikuwa limeimaliza. Kioo kikabaki cha bluu, hakuna mzee, hakuna Mchina, hakuna kitu. Na mlangoni, mke wangu, na tenga la kuku kichwani.

Nilisimama mbele ya watu wale nikijua kwamba kesho yake mabenchi yangu yatakuwa vichanja vya kuku, na mimi nitakuwa mtu wa kubeba pumba.

"Zima hicho kitu, kinatuumiza macho," bibi wa dagaa akasema. Nikazima. Kisha akageukia watu. "Haya, si linaanzaga na farasi?"

"Linaanza na farasi," mtu akajibu.

"Sasa mnangoja nini?"

Wakaanza kugonga mabenchi. Farasi wakaja, kwanza kwa mbali, halafu karibu, mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye mabati. Fundi baiskeli akanyanyuka, akavua kofia, akawa stelingi hivi hivi, bila kuombwa, na tumbo lake. Mtu akafa upande wa dirishani, huyo ndiye baba. Mimi nikajikuta natafsiri, ingawa wote walikuwa wanaongea Kiswahili. Bibi akajifunga kanga kuukuu kidevuni ikawa ndevu, akalala kwenye benchi. Stelingi akapiga magoti. Bibi akakohoa. Na mimi nikakohoa.

"Mwanangu, aliyemuua baba yako ni..."

Akaganda. Mdomo wazi, mkono juu, jicho moja limefumba. Banda zima likafanya kwa-kwa-kwa-kwa, wazee kwa watoto, na mwalimu wa Moshi kwa sauti kubwa kuliko wote. Kutoka nyuma mtu akamwaga jagi la maji, yakampata fundi shati zima, naye akarukia juu ya benchi tayari kwa vita.

Wa kupigana naye wakawa wengi kuliko nafasi. Mmoja akarudi kinyumenyume, akamgonga mke wangu, tenga likaanguka, na kuku wakaingia kwenye picha. Stelingi akawapiga watu wote vizuri tu, kisha akakutana na jogoo. Jogoo yule hakuwa amelisoma picha. Akampanda fundi kifuani, akamdonoa sikio, na stelingi wetu, ambaye katika historia nzima hajawahi kushindwa, akatoka bandani mbio akilia kwa Kiha. Kule mkabala mpira ulisimama. Si mpira wenyewe, watazamaji. Walikuja wote kuchungulia kwenye matundu ya mabati yangu, na mwenye kibanda akiwa mbele yao.

Watu walipotawanyika wakiulizana gulio lijalo nani atakuwa mzee, nilibaki na mke wangu tunasaka kuku chini ya mabenchi. Alikuwa na unyoya kwenye nywele na sikuthubutu kumwambia.

"Watalala humu usiku," akasema. "Mchana banda ni la kwako. Ukifagia."

"Nitafagia."

Akamfunga jogoo miguu, polepole, kama mtu mwenye neno. "Lakini picha lenu lina kasoro."

"Kasoro gani? Bibi kakwama vizuri kabisa."

"Kukwama sawa. Ila pale juu ya paa muuaji lazima awepo, asimame tu, asiseme kitu, watu wamtetemekee. Hamkuweka mtu."

"Tumweke nani? Sisi wote sura zetu za upole."

Aliinuka, kashika jogoo kwa miguu, kichwa chini, akaniangalia bila kupepesa mpaka mimi nikapepesa.

"Kaniazimie koti jeusi," akasema. "Refu."